Mtu wa risasi: shajara ya kulichimbua neno plumber

2 Juni

Leo nimeanza kazi niliyokuwa nikiisogeza mbele tangu mwaka jana: ukuta wa maneno. Karakana yetu ya mabomba hapa Tanga ina ukuta mrefu upande wa stoo, umepakwa chokaa na hauna kitu. Nataka kuujaza kadi arobaini, kila kadi neno moja la kazi yetu: maana yake, lilikotoka, na jambo ambalo fundi atalijua kwa sababu ya neno hilo. Vijana wanaokuja kwetu husomeshwa kwa vitabu vya Kiingereza, nao hukariri majina ya vifaa bila kujua yamebeba nini. Tafsiri tupu haiwasaidii. Tafsiri wanayo kwenye simu.

Neno la kwanza sikulichagua mimi. Nilikuwa nimeandika ubaoni jina la kazi yenyewe kwa Kiingereza, plumber, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akalisoma kwa sauti, “plamba”, kama tunavyolisoma wengi wetu. Nikamwambia Waingereza hutamka “plama”, ile B haisomwi.

“Sasa Mwalimu, kama haisomwi, imewekwa ya nini?”

Nilimjibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo. Nimerudi nyumbani jibu hilo likinikera. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mitatu, nimeifundisha miaka tisa, na kijana ameuliza swali la haki. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza.

3 Juni

Mzizi nimeupata usiku wa jana. Ni neno la Kilatini, plumbum, na maana yake ni risasi. Si ile ya bunduki. Ni risasi madini, ile metali nzito ya kijivu. Waliosoma kemia wanaijua alama yake, Pb, na wengi walikuwa wakishangaa herufi hizo zimetoka wapi ikiwa Waingereza wenyewe huiita lead. Zimetoka humo, kwenye plumbum.

Fundi wa risasi kwa Kilatini aliitwa plumbarius. Wafaransa wakalipokea neno wakalilainisha likawa plommier. Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kiliingia huko pamoja na majina ya kazi nyingi, na hili likiwamo.

Kwa hiyo plumber, ukimfumbua, hana bomba wala maji ndani yake. Ni mtu wa risasi.

Nimeiandika sentensi hiyo daftarini nikaipigia mistari miwili. Baadaye nikaona shida: nikiitundika hivyo ukutani, vijana watadhani nazungumzia askari.

5 Juni

Nimewauliza vijana kumi na wanne waliokuwapo leo: mkisikia neno risasi, mnaona nini? Kumi na watatu wamesema bunduki. Mmoja, ambaye baba yake ni fundi redio, akasema ni ule waya wa kuchomelea.

Yule mmoja ndiye aliyekuwa karibu na asili. Risasi tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni jina la hiyo metali. Kwa kuwa vigololi vya bunduki za zamani vilimiminwa kwa risasi, jina la metali likahamia kwenye kigololi, na leo kwetu kigololi kimelimeza jina zima. Tumebaki na neno moja kwa vitu viwili, na kile cha kwanza kimesahaulika.

Kuna mahali pengine limejificha. Wazee walikuwa wakiita penseli kalamu ya risasi, na hata sasa utawasikia baadhi yao. Ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Ni grafaiti, ndugu wa makaa. Waingereza walipoanza kuichimba Borrowdale, kaskazini mwa nchi yao, katika karne ya 16, waliidhania kuwa aina ya risasi, na mpaka leo ule unyuzi mweusi wa penseli wanauita lead. Kosa hilohilo liko kwao na liko kwetu. Jina la kale la grafaiti, plumbago, nalo limetoka plumbum.

Nimeamua: kadi haitaanza na maneno. Itaanza na kipande cha risasi chenyewe, kishikwe mkononi.

7 Juni

Nimekwenda Sahare kwa mjomba wangu, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Nilimkuta kivulini anapanga ndoana.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Karibu, kaa hapo, usikanyage uzi.”

Nikamwomba chubwi. Hakuuliza ya nini. Akafungua kopo akanitolea moja, ndefu kama kidole gumba, ina tundu juu ya kupitisha uzi. Aliimimina mwenyewe kwenye kijishimo cha mchanga mkavu, na upande mmoja bado una chengachenga za mchanga ule. Risasi aliitoa kwenye betri bovu la gari. Nilimsihi asirudie: moshi wa risasi ni sumu, na vumbi la betri ni baya zaidi, hasa kwa wajukuu wanaocheza palepale. Alinisikiliza. Ameniahidi, na ahadi ya mjomba huwa ni ahadi.

Jioni nimeipima kwenye mizani ya duka: gramu 408. Nikaitumbukiza kwenye jagi la kipimo, maji yakapanda mililita 36. Gawanya, unapata 11.3. Vitabu vinasema uzito wa risasi ni gramu 11.34 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chuma ni 7.9 hivi. Jagi la jikoni limekubaliana na vitabu, nami nilifurahi kama mtoto.

Halafu nikaikwaruza kwa msumari. Ni laini ajabu. Msumari ulizama ukaacha mfereji unaong’aa kama fedha mpya, na baada ya muda mng’ao ulianza kufifia ukirudi kijivu. Nikaisugua kwenye karatasi, ikaandika mstari wa majivu. Hapo nikaelewa lile kosa la penseli lilivyokuwa rahisi kutokea.

8 Juni

Chubwi imenifungulia mlango ambao sikuutarajia. Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno yaliyotoka kwenye risasi hiyohiyo. Timazi, ile kamba yenye uzito anayoishusha mwashi kuona kama ukuta umesimama wima, huitwa plumb line, yaani kamba ya risasi. Ukuta uliosimama sawa husemwa ni plumb. Kitu kinachoanguka moja kwa moja husemwa kime-plummet, kama chubwi inavyozama. Hata plunge, kutumbukia, limepita njia hiyo. Na Wafaransa wana aplomb, ambalo asili yake ni kusimama wima kama timazi. Sasa ni utulivu wa mtu asiyeyumba mbele za watu.

Sisi tumegawa vingine. Uzito wa mshipi ni chubwi, uzito wa mwashi ni timazi, na uzito ambao baharia huushusha kupima kina cha maji ni bildi. Vitu vitatu, majina matatu, na hakuna hata moja linalotaja risasi. Kiswahili kilitazama kazi ya kitu. Kilatini kilitazama kitu kimetengenezwa kwa nini. Nataka vijana waione tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo itakayotufikisha kwenye fundi bomba.

11 Juni

Siku tatu nimekuwa na Warumi. Hapa ndipo jina la kazi lilipozaliwa, na kwa fundi ni utamu mtupu.

Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ameacha vipimo kamili vya mabomba ya risasi. Kwake bomba halikupewa jina kwa kipenyo. Lilipewa jina kwa upana wa bati la risasi kabla halijakunjwa. Bati la upana wa vidole 100 lilitoa bomba lililoitwa centenaria, yaani la mia. Urefu ulikuwa futi kumi za Kirumi, zisizofika kidogo mita tatu, na uzito wake ratili 1,200.

Nikachukua kikokotozi. Ratili ya Kirumi ilikuwa kama gramu 327, kwa hiyo bomba moja lilikuwa na kilo 390 hivi. Kidole chao kilikuwa sentimita 1.85, kwa hiyo bati lilikuwa na upana wa mita 1.85. Gawanya uzito kwa eneo na kwa 11.34 yetu ya jana juzi: unene unatoka milimita 6 na kitu. Ukilikunja, unapata bomba la kipenyo cha sentimita 59. Maneno machache ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita, na naweza kumchorea bomba lake kwa vipimo vya leo. Zoezi hili nimewapa vijana wa mwaka wa pili kama kazi ya nyumbani, bila kuwaambia jibu.

Namna ya kulitengeneza: risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa juu ya kitanda cha mchanga ikatandazwa, ikipoa inakuwa bati. Bati lilizungushwa kwenye gogo la duara, kingo mbili zikakutanishwa na kuunganishwa kwa risasi ya moto. Ndiyo maana mabomba mengi ya Kirumi yaliyofukuliwa si duara kamili. Juu yana kichwa kilichochongoka, kama tone la maji. Mchanga uleule wa mjomba.

Mengi yalipigwa mhuri wa jina, la mwenye maji au la fundi aliyelitengeneza. Kati ya majina ya mafundi yamo ya wanawake. Hili nitaliandika kwa herufi kubwa, maana nina wasichana watatu darasani na kila wiki kuna mteja anayewauliza kama kweli wataweza.

Bomba kwa Kilatini ni fistula. Neno hilo kila mama hapa nchini analijua kama jina la maradhi ya uzazi: ni tundu lililotoboka mwilini likawa njia ya mkojo au haja pasipotakiwa njia. Madaktari walichukua neno la mafundi.

12 Juni

Naendelea na Roma, sijashiba.

Mwaka 97 baada ya Kristo, Frontinus aliteuliwa kusimamia maji ya jiji. Jiji lilikuwa na mifereji mikuu tisa, naye akaandika ripoti inayoeleza kila mmoja. Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya wizi. Alikuta mabomba ya siri yametandazwa chini ya mitaa, na yalitobolewa na mtu aliyejulikana kwa kazi hiyo ya kutoboa, akiuza maji kwa wenye maduka njiani. Frontinus anasema mabomba hayo yalipong’olewa, kiasi cha risasi kilichopatikana chenyewe kilionyesha wizi ulikuwa mkubwa namna gani.

Niliposoma hapo nilisimamisha kitabu nikatembea uani. Mimi mwenyewe nimeitwa mara nyingi kutafuta kwa nini maji hayafiki nyumba ya mwisho ya mtaa, nikachimba nikakuta tawi la plastiki limeunganishwa gizani na mtu anayejua kazi, maana jointi ilikuwa safi. Bomba lilikuwa la plastiki badala ya risasi, basi, kila kingine ni kilekile.

Yupo pia mji wa Bath, huko Uingereza. Warumi walijenga hamamu juu ya chemchemi ya maji moto, na bwawa kubwa lilitandikwa mabati 45 ya risasi. Mabati hayo yako mpaka leo chini ya maji. Kabla ya Mwingereza yeyote kuitwa plumber, kazi ya plumbarius ilikuwa imelala kwenye ardhi yake inamsubiri.

16 Juni

Fupi leo, umeme ulikatika mchana kutwa. Swali la darasani: kwa nini risasi na si chuma? Jibu nimelipanga hivi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa kuni unatosha; chuma kinataka 1,538. Haioti kutu kama chuma. Hukunjwa kwa mkono ikafuata kona ya ukuta bila kukatwa. Ikitoboka, unaiziba palepale. Kwa fundi asiye na mashine ilikuwa ni zawadi. Ubaya wake hauonekani kwa macho, na hilo nimelitengea siku yake.

18 Juni

London. Hapa nilipata funzo juu ya neno lenyewe.

Mwaka 1365 mafundi wa risasi wa London walipewa kanuni za chama chao, na mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza akawapa hati ya kifalme. Sasa mtu akisoma habari hizo leo atafikiri ni watu wa koki na vyoo. Sivyo. Plumber wa wakati ule ungemtafuta juu ya paa. Alitandaza mabati ya risasi kwenye mapaa ya makanisa makubwa, akatengeneza michirizi na matangi ya mvua. Mabomba alitengeneza, ndiyo, lakini kwa sababu ni ya risasi. Angekuwa na bomba la mbao mkononi, lisingekuwa kazi yake; visima na mabomba ya mbao vilikuwa na mafundi wengine.

Mwaka 1666 moto mkubwa uliunguza London, na paa la kanisa la Mtakatifu Paulo likayeyuka. John Evelyn, aliyekuwapo, aliandika kwenye shajara yake kwamba risasi ilitiririka mitaani kama kijito. Kazi ya vizazi vya mafundi ilishuka ikapita njiani.

Maana ilihama karne ya 19, nyumba za mijini zilipoanza kuingiziwa maji. Aliyejua kuunga bomba la risasi ndiye aliyeitwa. Baadaye bomba likawa la chuma, likawa la shaba, siku hizi ni la plastiki, na aliyeitwa akaendelea kuitwa jina lilelile. Jina lilishikamana na mtu, metali ikaondoka.

Na ile B? Kwa Wafaransa sauti yake ilikuwa imeshakufa, na Waingereza kwa karne nyingi waliandika vyovyote, plummer, plomer, bila B. Waliojua Kilatini ndio walioishikilia irudi kwenye maandishi ili asili ionekane. Mdomo haukuwafuata. Ukoo wa Plummer, ambao babu zao walikuwa mafundi hao, uliendelea kuandika jina kama linavyosikika. Kwa hiyo B ile ni alama ya kaburi la plumbum. Kijana wangu nimempelekea jibu leo asubuhi kabla hajavua begi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi sisi tunaosema plamba ndio tunaoitamka risasi.” Nimeliandika, linakwenda kwenye kadi kama alivyolisema.

21 Juni

Leo nimezunguka lugha za wengine, kisha nikarudi nyumbani.

Wafaransa: plombier, risasi. Wasemaji wengi wa Kihispania wa Amerika ya Kusini: plomero, risasi. Huko Hispania kwenyewe wanasema fontanero, mtu wa chemchemi. Waarabu: sabbak, na asili yake ni kuyeyusha na kumimina metali. Waarabu hawakumtazama kama mtu wa risasi, walimwona akiwa mbele ya tanuru.

Sisi tunasema fundi bomba. Bomba limetoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia 1593. Walituachia meza, bendera, pipa, parafujo, na hili. Kwao bomba ni pampu. Chombo cha bahari hakikosi maji ngamani, chini kabisa ya tumbo lake; mabaharia wetu waliyafua kwa mikono, na jahazi za Wareno zilikuwa na bomba la kuyavuta. Pwani ikalichukua neno na kulipanua: pampu ni bomba, mrija unaopitisha maji ni bomba, na koki ya uani pia ni bomba. Vijana wameliongezea maana ya kitu kizuri sana. Brazili, mjini Rio de Janeiro, fundi wa mabomba huitwa bombeiro. Kwa hiyo fundi wa Tanga na wa Rio wanaitana jina moja kuvuka bahari mbili, na wa London amebaki na risasi yake.

Na fundi je? Hili nimelipenda kuliko yote. Fundi, mwanafunzi, mkufunzi, mafunzo, na kule kufunda kwa kungwi anapomfunda mwari: mzizi ni mmoja. Fundi ni mtu aliyefundwa. Neno letu halimtambulishi kwa metali wala kwa moto. Linamtambulisha kwa aliyemfundisha.

24 Juni

Siku niliyoitenga.

Nilipokuwa kijana niliwekwa chini ya mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, Mungu amrehemu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsaidia kuunga mabomba ya choo ya chuma katika jengo la zamani la mjini. Jointi zile zilijazwa katani, tena katani ya hapahapa Tanga, ikashindiliwa kwa patasi butu, kisha juu yake ikamiminwa risasi ya moto. Nilikuwa mshika sufuria. Nakumbuka ule uso wa risasi iliyoyeyuka, laini kama kioo, na ngozi nyembamba ya rangi za upinde wa mvua inayojikunja ukiisukuma kwa kijiti. Nakumbuka pia kwamba hatukuvaa chochote puani, tulikula mihogo kwa mikono ileile, na kwamba mzee yule alikuwa akilalamika tumbo na mikono kufa ganzi. Sitasema ugonjwa wake ulikuwa nini, sikuwa daktari wake. Lakini nimemfikiria sana wiki hii.

Kwa sababu Vitruvius alikwishasema. Aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo yana afya kuliko ya risasi, na akataka watu wawatazame mafundi wa risasi wenyewe, jinsi rangi ilivyowatoka mwilini. Miaka elfu mbili. Kiingereza kina jina la sumu hiyo, plumbism, maradhi yenye jina la kazi yetu. Humuumiza mtoto kuliko mkubwa, hugusa ubongo, na yaliyoharibika hayarudi.

Mwaka 1986 Marekani ilipiga marufuku mabomba mapya ya risasi kwenye maji ya kunywa, pamoja na lehemu yenye risasi zaidi ya asilimia 0.2. Yaliyokuwa yamefukiwa yakabaki. Aprili 2014 mji wa Flint, Michigan, ulibadili chanzo cha maji ukachukua ya mto, bila kuyatia dawa ya kuzuia kula mabomba. Maji yakachubua utando uliokuwa umefunika risasi, risasi ikaingia majumbani, watoto wakanywa. Waliofukia mabomba yale walikuwa mafundi wazuri, jointi zao hazikuvuja.

Nimewasomea vijana hayo yote. Darasa lilikuwa kimya. Msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, sisi humu tuna risasi?”

Nikamwambia tuna chubwi, imefungwa kwenye mfuko. Kisha nikasita, nikasema nitaangalia.

25 Juni

Nimeangalia. Stoo, rafu ya pili, nyuma ya kopo la gundi ya plastiki, kuna roli la waya wa lehemu. Lebo imefifia lakini inasomeka: 60/40. Metali ya bati sitini kwa mia, risasi arobaini. Ni lehemu ya vifaa vya umeme. Hiyo ndiyo tuliyoitumia muhula uliopita kufundishia kuunga mabomba ya shaba ya mtambo wa maji moto wa jua. Yale yalikuwa ya mazoezi, hayakufungwa nyumba yoyote, nimehakikisha kwa kuyahesabu: vipande kumi na viwili, vyote vipo. Ila kijana aliyeshika roli lile akaona linashika vizuri, kesho atalinunua dukani kwa kazi ya mteja. Ningekuwa nimemfundisha mimi.

Mtunza stoo anaiita “risasi”. Alikuwa akilitamka jina lake sahihi muda wote huo, na masikio yetu yalisikia waya.

26 Juni

Roli limekwenda karakana ya umeme, nimesainiana na mwenzangu. Tumeagiza lehemu ya bati na shaba isiyo na risasi; inataka moto mkali zaidi kidogo na mkono mwepesi, itabidi nijizoeze kabla ya kuwafundisha. Vile vipande kumi na viwili tumevipaka rangi nyekundu. Vijana wamenawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa.

28 Juni

Kadi ya kwanza. Nimeiandika mara tano. Hii ndiyo iliyobaki:

“PLUMBER. Soma: plama. Asili: plumbum, Kilatini, risasi (madini). Maana ya kwanza: mtu anayefanya kazi za risasi, za mapaa na za mabomba. Maana ya sasa: fundi bomba. Ndugu zake: timazi ya mwashi, na Pb ya kemia. Fundi, uliza kila bomba na kila lehemu: imetengenezwa kwa nini? B haisomwi. Wanaosema plamba ndio wanaoitamka risasi.”

Chini yake kuna mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto, ndani yake chubwi ya mjomba yenye mkwaruzo wa msumari, ambao sasa umeshafifia. Pembeni, kipande kimoja chekundu cha bomba la shaba.

Tulipoitundika, yule kijana wa B alishusha timazi kando yake kuona kama imekaa wima. Ilikuwa imepinda kidogo kushoto. Akaisogeza, akagonga msumari wa pili.

Wiki ijayo: koki.